Uzi maalumu: Kumpata fundi na duka la baiskeli la kuaminika, na kudumu nalo

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaoitegemea baiskeli kila siku, iwe ni ya kwendea kazini, ya kubebea mizigo au ya mazoezi, ambao bado hawajapata mahali pa kuipeleka na kuiacha bila wasiwasi. Hoja yangu ni moja: duka la baiskeli hupimwa kwenye meza ya fundi, wala si kwa wingi wa baiskeli mpya zilizopangwa mbele. Liko duka lenye bidhaa za kila namna litakalokurudishia gurudumu linalogusa breki, na kipo chumba kimoja chenye fundi mmoja makini ambacho kitaitunza baiskeli yako mpaka uirithishe.

Wengi wetu huanza kutafuta duka siku ambayo baiskeli imekwisha kuharibika. Siku hiyo una haraka, huna cha kulinganisha, na unalazimika kukubali lolote utakaloambiwa. Afadhali utafute wakati baiskeli ikiwa nzima, upeleke kazi moja ndogo, kisha uichunguze kazi hiyo kuliko unavyolichunguza duka lenyewe.

Kazi ninayoipendekeza kwa kipimo hicho ni kurekebisha habu ya gololi, yaani kitovu cha gurudumu. Ndani ya habu hiyo gololi huzunguka kati ya kikombe na koni, kipande kinachofungwa kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati ya gurudumu. Fundi huikaza koni kwa kadiri anavyohisi mkononi, kisha huifunga kwa nati yake. Koni ikikazwa kupita kiasi, gololi huzila njia zake na gurudumu huwa zito. Ikiachwa imelegea, gurudumu hucheza, na koni hugongwagongwa hadi zichimbike. Kama ekseli yako ni ile ya kufungwa kwa wenzo, kuna jambo moja zaidi: wenzo ukifungwa, ekseli hubanwa na kufupika kidogo mno, na koni nazo husogezwa kuelekea kwenye gololi. Kwa hiyo fundi anayejua huacha mchezo mdogo gurudumu likiwa bado mkononi, kisha hulifunga kwenye fremu, hushika ukingo wa rimu, hulitikisa kulia na kushoto, na kuhakikisha kwamba mchezo ule umetoweka. Asiyejua hukaza hadi mchezo uishe palepale mezani, na gurudumu likishafungwa kwenye baiskeli linakuwa limebana kupita kiasi. Simama karibu, uangalie kama fundi analitikisa gurudumu baada ya kulifunga. Ni tendo la sekunde chache, lakini linakuonyesha kama ana mazoea ya kuihakiki kazi yake mwenyewe kabla ya kukukabidhi.

Jambo la pili ni maswali yake. Ukimwambia fundi kwamba baiskeli inalia, aliye mzuri hatakimbilia spana. Atakuuliza kama inalia unapokanyaga tu au hata inaposerereka, kama inalia ukiwa umekaa au hata ukisimama juu ya pedali, na kama mlio unakuja mara moja kwa kila mzunguko wa krenki (mikono inayobeba pedali) au unafuata mzunguko wa gurudumu. Kila jibu linafunga mlango mmoja. Mlio unaokoma ukisimama unaelekeza kwenye kiti na mrija wake, na mlio unaoendelea baiskeli inaposerereka hauwezi kulaumiwa kwa krenki ambayo haizunguki. Mara nyingi sauti inayodhaniwa kuwa ni ya beringi za krenki hutoka kwenye mrija wa kiti uliokaukiwa grisi, kwenye pedali ambayo haikukazwa vizuri au kwenye bolti za kiti, kwa sababu fremu huisafirisha sauti hadi sikio lisijue ilikoanzia. Fundi anayetangaza kwamba beringi zimekufa kabla hajauliza hata swali moja atakuuzia spea usiyoihitaji, na utaondoka na mlio uleule.

Vifaa navyo vina la kusema. Tazama kama pana stendi ya kuinulia baiskeli, stendi ya kunyooshea rimu, kipimo cha cheni, spana ya kupimia mkazo, na kifaa cha kunyooshea lile sikio la fremu linaloshika gia ya nyuma. Hicho cha mwisho nakiwekea uzito wa pekee. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, sikio hilo hupinda kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona, na kuanzia hapo hata waya ukirekebishwa mara ngapi, gia hazitatulia; zikikaa vizuri juu, zitaruka chini. Fundi anayelipima sikio kabla ya kugusa skrubu za gia anakuokolea safari nyingi za kurudi. Kuhusu spana ya mkazo, bolti nyingi za kubania usukani zimeandikwa kiwango chake, na nyingi ni nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukazia) 5 au karibu na hapo. Kwa usukani wa alumini kuzidisha ni hatari, na kwa wa kaboni ni hatari zaidi, maana ufa unaweza kufichika chini ya kibanio hadi siku utakapokatika.

Msihukumu duka kwa mafuta yaliyo sakafuni. Baiskeli huja na tope na grisi, na karakana inayofanya kazi huonekana hivyo. Kinachonitia shaka ni spea za baiskeli mbili tofauti zikiwa zimechanganyika kwenye bakuli moja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi bado sijafika kwenye habu na koni. Nina baiskeli ya inchi 26, na mara mbili nimeuziwa tairi ya inchi 26 ambayo haikuingia kwenye rimu. Muuzaji aliniambia kwamba rimu yangu ndiyo yenye kasoro. Je, hilo linawezekana, au nimekutana na muuzaji asiyeijua biashara yake?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, rimu yako haina kasoro. Swali lako ni zuri kwa sababu limetupatia kipimo cha duka ambacho hakihitaji hata kufungua nati.

Neno "inchi 26" hutumika kwa tairi za vipimo kadhaa visivyoingiliana. Zilizoenea zaidi ni mbili: ile ya baiskeli za milimani za zamani, ambayo kipenyo cha rimu mahali tairi inapokalia ni milimita 559, na ile inayoandikwa 26 × 1 3/8, ambayo kipenyo chake ni milimita 590. Tofauti ya milimita 31 haifunikwi kwa kuvuta wala kwa kulazimisha. Kinyume chake pia hutokea: tairi inayoitwa 700C na ile inayoitwa inchi 29 zina majina tofauti, lakini zote hukalia rimu ya milimita 622, na kinachozitenganisha ni upana.

Ubavuni mwa tairi yako ya zamani, tafuta tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kwa mfano 37-590 au 47-559. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo, vyote kwa milimita. Hizo ndizo za kununulia. Sasa nenda dukani, useme unataka tairi ya inchi 26, unyamaze. Muuzaji anayeijua kazi atakuuliza ni ya kipenyo gani, au ataomba kuiona tairi ya zamani. Anayekushushia tairi ya kwanza inayofikiwa na mkono wake umeshamjua.

Vivyo hivyo kwa valvu za tyubu. Tundu la valvu nene, ile inayofanana na ya gari, ni la milimita 8.5 hivi, na la valvu nyembamba ni milimita 6.5 hivi. Duka la hovyo hulipanua tundu la rimu kwa keekee bila kukuuliza. Duka zuri hukupa tyubu inayolingana na rimu uliyo nayo.

Mchangiaji wa pili (fundi)

Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na naomba niseme yanayoonekana kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu uhusiano ni wa watu wawili na mpaka sasa tumemtazama mmoja tu.

Ugomvi unaojirudia kuliko wote katika kazi yetu unatokana na cheni. Mteja anakuja na gia zinazoruka, namwambia kwamba cheni imekwisha na imeondoka na sproketi za nyuma, yale magurudumu madogo yenye meno yanayopitiwa na cheni, naye ananitazama kama mtu anayetapeliwa. Ninamwelewa, kwa sababu cheni hiyo kwa macho ni nzima, haijakatika, na pengine ndiyo kwanza ameipaka oili. Kwa hiyo nimejifunza kutobishana, ila kupima mbele yake. Kati ya pini moja ya cheni na nyingine, cheni ikiwa mpya, pana nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 za namna hiyo ni milimita 304.8. Naweka rula kwenye katikati ya pini ya kwanza na ninamwomba yeye mwenyewe anisomee ile ya mwisho. Akisoma 306.3, cheni imerefuka kwa asilimia nusu, na kwa mifumo ya kisasa yenye sproketi 11 au 12 huo ndio wakati wa kuibadilisha. Kwa mifumo ya zamani yenye sproketi chache tunaweza kusubiri mpaka asilimia 0.75. Ikifika asilimia moja, yaani karibu milimita 308, meno ya sproketi kwa kawaida yameshalika kuifuata cheni, na cheni mpya ikiwekwa juu ya meno hayo itapanda na kuruka pale utakapokanyaga kwa nguvu.

Chuma cha cheni chenyewe hakivutiki. Kinacholika ni pini na sehemu zinazoizunguka, kidogo kidogo kwenye kila kiungo, kwa sababu ya mchanga unaochanganyika na oili. Ndiyo maana mteja anayeifuta cheni kabla ya kuipaka oili hukaa na sproketi zake muda mrefu kuliko anayemiminia oili juu ya uchafu. Mteja akishaliona hili kwa macho yake, mara nyingine anakuja mwenyewe kuniomba nipime kabla sijasema neno, na cheni inabadilishwa mapema kabla haijala sproketi. Duka linapata kidogo zaidi kwenye cheni na linapoteza mauzo ya sproketi, lakini linabaki na mteja.

Kwa hiyo nawaambieni: fundi akikataa kupima mbele yenu, ondokeni. Akipima na kuonyesha, mkubalini, hata kama jibu ni ghali kuliko mlivyotarajia.

Nina maombi mengine machache kwa wateja. Baiskeli iletwe ikiwa imefutwa tope, kwa sababu ufa wa fremu na spoki iliyovunjika havionekani chini ya matope, na muda ninaoutumia kusafisha ni muda ambao sikagui. Mwenye baiskeli aeleze kilichotokea bila kuficha. Kama ilianguka, aseme ilianguka. Kama jirani alijaribu kuitengeneza, aseme pia, kwa sababu itanizuia kutafuta tatizo mahali ambapo halipo. Tena tafadhali, mtu asije na kazi ya papo kwa papo wakati ninaponyoosha gurudumu la mwingine. Ukiniondoa kwenye stendi ya rimu katikati ya mzunguko wa spoki, narudi mwanzo.

Mchangiaji wa tatu

Fundi, maelezo yako yamenigusa. Naomba niongeze jambo la historia linaloiunga mkono hoja ya mwanzisha uzi kuhusu meza ya fundi. Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walifungua duka la baiskeli Dayton, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1892, na baada ya miaka michache wakawa wanaunda baiskeli zao wenyewe. Mwaka 1901 walimwajiri fundi mitambo, Charlie Taylor, aliyelisimamia duka wao walipokuwa kwenye majaribio yao. Taylor huyo ndiye aliyeiunda injini ya ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, akiwa ndani ya karakana ya duka hilohilo, na propela za ndege hiyo zilizungushwa kwa cheni na sproketi. Wateja wa duka lile walikuwa wanapeleka pancha zao kwa watu wa kiwango hicho. Nami kila ninapoingia duka jipya, huuliza kwanza: kazi inafanywa na nani, na je, naweza kuzungumza naye mwenyewe? Pale ambapo muuzaji wa mbele anapokea baiskeli, anaandika maneno mawili kwenye karatasi, na fundi aliyejificha nyuma hasikii hata neno langu moja, maelezo yangu kuhusu mlio au breki hupotea njiani.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, kuna jambo linalonisumbua. Spea nyingi siku hizi nazipata kwa bei nafuu mtandaoni. Nikizipeleka dukani ili nifungiwe, fundi hununa, na wakati mmoja nilikataliwa kabisa. Je, fundi ana haki ya kunikatalia? Fedha ya ufundi nalipa kama kawaida.

Mwanzisha uzi

Ana haki, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini namtetea, ingawa mimi pia hununua baadhi ya vitu mtandaoni.

Anapokufungia spea uliyonunua kwake, amekwisha kuhakikisha kwamba inaingia, anajua ilikotoka, na ikiharibika atairudisha kwa aliyemuuzia. Unapoleta ya kwako, hayo yote anayakosa, lakini lawama inabaki mlangoni pake. Chukua mfano wa breki za diski zinazotumia mafuta. Mifumo mingine hutumia mafuta ya madini, kama ile ya kampuni za Shimano na Magura, na mingine hutumia mafuta ya breki ya daraja la DOT, kama ilivyo kwa breki nyingi za kampuni ya SRAM. Ukiyachanganya, sili za ndani huvimba au kuharibika, na breki inaweza kuacha kushika mteremkoni. Mtu akimletea fundi chupa ya mafuta na breki alizozinunua sehemu mbili tofauti, yule fundi anabeba dhamana ya maisha ya mtu kwa malipo ya kazi ya nusu saa. Upande wa krenki nako ni hivyohivyo. Fremu zenye nyuzi za kizamani za kufungia vikombe vya beringi zina kipimo kinachojulikana, lakini zile za kushindilia beringi zina vipimo vingi mno vinavyokaribiana, na tofauti ya milimita moja inatosha kufanya spea yako isirudishike ulikoinunua wala isiingie unakoipeleka.

Ninavyofanya mimi ni kuuliza kabla ya kununua. Namwambia fundi ninachohitaji, namwuliza kama anacho au anaweza kukiagiza, na bei yake ikizidi ya mtandaoni kwa kiasi cha kubebeka, nanunua kwake, kwa kuwa ile ziada ndiyo inayomwezesha kuwapo siku nitakapovunjikiwa spoki. Kama hana na hawezi kuagiza, humwomba aniandikie kipimo kamili, nainunua mwenyewe, naileta ikiwa kwenye kifungashio chake, na nalipa ufundi wote bila kuomba kupunguziwa. Sijawahi kununiwa kwa utaratibu huo. Jambo ambalo nakusihi usilifanye ni kwenda dukani kupimiwa kofia, viatu au urefu wa fremu kwa saa nzima, kisha ukaagize kilekile mtandaoni ukiwa bado umesimama mlangoni. Mwenye duka anaona, na haoni wewe tu.

Mchangiaji wa tano

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimeanza kuendesha ukubwani. Kila duka ninaloingia, fundi huzungumza na mume wangu kuhusu baiskeli ambayo ni yangu, au hunipa majibu ya mkato kana kwamba nikielezwa sitaelewa. Duka moja nililokuwa nimelipenda kwa ufundi wao wana tabia hii. Kaka zangu, nivumilie kwa sababu kazi yao ni nzuri, au niondoke?

Mchangiaji wa pili (fundi)

Dada yangu, pole sana, na nasema hivi kama mtu wa kazi hii: ondoka. Sikwambii hivyo kwa ajili ya heshima pekee, ingawa heshima yatosha kuwa sababu. Fundi asiyekusikiliza hawezi kuitengeneza baiskeli yako vizuri, kwa kuwa anayeiendesha ni wewe. Wewe ndiye unayejua kwamba ganzi inaanza mikononi baada ya nusu saa, kwamba goti la kulia linauma upande wa mbele, au kwamba wenzo wa breki uko mbali na vidole vyako. Mume wako hana habari hizo. Goti linalouma upande wa mbele mara nyingi linatokana na kiti kilicho chini mno, na wenzo wa breki ulio mbali husogezwa karibu kwa skrubu moja ndogo ambayo breki nyingi zinayo. Yote hayo hayawezi kurekebishwa na mtu ambaye hajakuuliza.

Kabla ya kuondoka, kama unalipenda duka, mpe fundi nafasi moja. Nenda peke yako, saa ambayo hapana msongamano, umweleze kwa utulivu kwamba baiskeli ni yako na maamuzi ni yako, na umwombe akuonyeshe kila kitu anachokifanya. Wapo ambao watabadilika siku hiyohiyo. Akirudia, umeshafanya upande wako.

Mchangiaji wa tano

Nashukuru sana, kaka fundi. Hilo la wenzo wa breki sijawahi kuambiwa na mtu yeyote, na ndilo linalonitesa kila siku. Nitaenda.

Mchangiaji wa sita

Naomba tugusie pia siku mambo yanapoharibika. Niliacha baiskeli kwenye duka moja nililoliamini, nikairudisha nyumbani, na kesho yake nikagundua gurudumu la mbele halikufungwa sawasawa na pedi moja ya breki ilikuwa inasugua tairi badala ya rimu. Sikurudi tena pale. Je, nilifanya haraka kuhukumu?

Mwanzisha uzi

Kosa ulilolitaja ni zito, mkuu, na sitakuambia ulikurupuka. Pedi inayosugua tairi huitoboa ubavuni, na gurudumu la mbele lisilofungwa ni hatari isiyo na mjadala. Lakini naona kuna faida kubwa katika kurudi hata pale ambapo umeamua kuondoka, kwa sababu namna duka linavyolipokea kosa lake ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote utakazozipata juu yake. Fundi hodari naye hukosea. Yule wa kubaki naye ataiweka baiskeli kwenye stendi papo hapo, ataangalia kila kitu upya na siyo kile tu ulicholalamikia, na hatakutoza. Yule wa kumwacha ataanza kwa kukuuliza ulipita njia gani.

Ili yasifike huko, usiondoke dukani kabla hujafanya ukaguzi wako, na fundi mwaminifu hatachukia. Bana breki zote mbili kwa nguvu ukisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo mdogo unaogonga kwenye usukani, beringi za kichwa cha foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) zimelegea. Inua gurudumu moja moja, ulizungushe, utazame nafasi kati ya pedi na rimu. Kagua wenzo au nati za magurudumu kwa mkono wako. Kisha panda, uzunguke mahali pa wazi ukipitisha gia zote, moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi. Kama kuna spea iliyobadilishwa, omba upewe ile ya zamani. Tangu siku ya kwanza kubalianeni kwamba kazi yoyote itakayozidi ile mliyopatana, fundi atapiga simu kabla ya kuifanya. Maduka mengi mazuri yana utaratibu huo tayari.

Mchangiaji wa saba

Swali langu ni fupi. Nikijifunza kutengeneza baiskeli yangu mwenyewe, je, simnyimi fundi riziki na kuuharibu huo uhusiano mnaousema?

Mchangiaji wa pili (fundi)

La, na kwa hakika ningependa kila mteja wangu ajifunze. Kuziba pancha, kuifuta cheni na kuipaka oili, kujaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kubadilisha pedi za breki za rimu na kukaza bolti iliyolegea ni kazi za mwenye baiskeli. Mteja anayezifanya huniletea baiskeli isiyokuwa na dharura, na hunieleza tatizo kwa maneno yanayonisaidia. Pedali pia mnaweza kuzitoa wenyewe, ila kumbukeni kwamba ile ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mwelekeo wa saa. Nimepokea krenki nyingi zilizochunwa nyuzi kwa sababu hiyo peke yake.

Niachieni kunyoosha rimu na kujenga gurudumu, kutoa hewa kwenye breki za mafuta, beringi za krenki na za foki, kunyoosha sikio la gia, na chochote kinachohusu ufa kwenye fremu au foki. Betri za baiskeli za umeme msizifungue kabisa, na mkimkuta fundi anayekataa kufungua betri asiyoijua au iliyopigwa na kuvimba, jueni kwamba anajali karakana yake na nyumba yenu.

Mwisho, niwaombe kitu kinachonirahisishia kazi kuliko zawadi yoyote. Kwa kila baiskeli wekeni daftari dogo au ukurasa kwenye simu: namba ya fremu, ambayo kwenye baiskeli nyingi imegongwa chini ya makutano ya krenki, kipimo cha tairi kwa milimita, idadi ya sproketi za nyuma, aina ya mafuta ya breki, na tarehe ya kila cheni iliyofungwa. Mkiniuliza kwa simu kama ninayo spea yenu, nisomeeni hapo, nami nitaitafuta rafuni kabla hamjaondoka nyumbani.